Katibu wa Chama Kisicho na Mwenyekiti

Mtu ninayemkumbuka hapa alikuwa katibu wa chama kisicho na mwenyekiti. Jina analo, tena zuri, lakini miaka yote niliyomjua sikulitumia hata mara moja na sitaanza leo. Tulimwita Katibu. Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, alimwita Katibu kwa kejeli. Wauza mchicha wa barabara yao kule Ngamiani walimwita Katibu kwa heshima, wakidhani ni katibu wa tawi, na kuna mzee mmoja aliyemletea shauri la mpaka wa kiwanja kwa miezi miwili kabla hajatokea mtu wa kumwambia ukweli. Katibu alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho na kumwandikia kila neno. Chama chenyewe kilikuwa cha waandishi wa programu za kompyuta, Tanga, katika miaka ambayo kompyuta za mji mzima ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na zote zilikuwa zimefungiwa vyumbani, ufunguo anao meneja.

Uenyekiti aliuacha wazi makusudi. Alisema mwenyekiti atapatikana, mtu wa maana, anayejua kusema na watu. Yeye kazi yake kuandika. Kiti cha mwenyekiti kilikuwepo, cha mbao, chenye mikono, upande wa pili wa meza, na hakuna aliyekikalia. Dada yake akipata wageni na kuja kukiazima, Katibu alimpa kwa shingo upande na kumkumbusha mara tatu kwamba kinatakiwa Jumamosi.

Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mjini, msichana wa mtaa wa Mabawa mwenye maneno mengi kuliko kazi. Nilitumwa posta kupeleka barua, nikakuta ubaoni tangazo lililopigwa kwa mashine ambayo herufi ya a imekatika mkia. Lilisema kunaundwa Chama cha Waandishi wa Programu za Kompyuta, vikao kila Jumamosi saa tisa alasiri, wote wanakaribishwa, na chini kabisa: "Si lazima kuwa na kompyuta." Nilicheka kwa sauti mpaka bibi aliyekuwa nyuma yangu akanisogelea aone nasoma nini. Ilikuwa miaka ya foleni. Tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni bila kujua kama sabuni ipo, na ya sukari ambayo gari lake halijatoka huko linakotoka. Chama cha kompyuta cha watu wasio na kompyuta nikaona kimekuja wakati wake. Nikaazimia kwenda nikacheke vizuri, nikiwa nimekaa.

Nilimkuta peke yake. Chumba cha mbele cha nyumba yao, dirisha wazi, mabenchi mawili, meza, kiti kile, na yeye kakaa na kaunta buku mbele yake, shati jeupe kalipiga pasi hata mikono ina mistari.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa dakika kumi."

"Nimekuja kutazama tu."

Akainama akaandika, huku akisoma kwa sauti anachoandika: "Mtazamaji, mmoja." Kisha akatoka kwenda kunichukulia maji.

Nikafunua kurasa za nyuma. Jumamosi hadi Jumamosi, mwandiko ule ule: Kikao kilifunguliwa na Katibu saa tisa kamili. Aliyehudhuria: Katibu. Akidi haikutimia. Kikao kiliahirishwa na Katibu saa kumi na moja. Zilikuwa kurasa kumi na moja za namna hiyo. Katika ukurasa mmoja, chini ya kichwa cha Mengineyo, ameandika: "Ilinyesha." Kicheko nilichokuja nacho sikukiona tena. Nilikunywa maji yangu, nikabaki mpaka saa kumi na moja, na Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Niseme mapema alichokuwa akikitaka, maana wengi walimfikiria vingine. Wapo waliodhani anatafuta wafadhili, wapo waliodhani ni siasa. Katibu alitaka mtu wa kusoma alichoandika. Basi. Aliajiriwa kiwandani, katika chumba chenye baridi kilichowekwa mashine kubwa ya kompyuta, na mgeni aliyemfundisha kuiandikia programu alimaliza mkataba akarudi kwao. Tangu hapo alikuwa akiandika peke yake, programu za kufuatilia vipuri vya ghalani, mwaka baada ya mwaka. "Nikiandika vizuri hakuna anayejua," alisema siku moja. "Nikiandika vibaya inajua mashine, nayo hainambii kitu ila kwamba imekataa." Aliyasema kikaoni, kwa sauti ya kusoma taarifa, na mimi nikayapokea kama taarifa. Miaka ilipita kabla sijayasikia vile yalivyo.

Wanachama aliwaokota mmoja mmoja, na alikuwa na jicho. Alisema mwandishi wa programu ni mtu anayeweza kumweleza mpumbavu njia ya nyumbani asipotee. Kompyuta ni jambo la baadaye. Kwa kipimo hicho alimpata Mpemba mwenye duka la barabara ya pili yao, baada ya kumsikia akimwelekeza mpwa wake aliyemwachia duka: viberiti vikibaki safu mbili tuma mtu, vikibaki safu tatu nyamaza, mteja akitaka kwa jumla hesabu kwanza safu ndipo ujibu. Katibu alikuwa amekuja kununua wembe. Alisimama pale mpaka maelekezo yakaisha, akamwambia Mpemba kwamba yeye ni mwandishi wa programu asiyejijua. Mpemba alidhani katukanwa. Alikuja Jumamosi ile kutaka maelezo, na hakukosa tena kwa miaka minne.

Mwalimu wa hesabu wa sekondari, Mbondei mmoja mrefu, Mkristo wa kwenda kanisani kila siku ya Mungu, alimnasa duka la vitabu. Karani wa kupima mvua huko Amani, Katibu alimwandikia barua, baada ya kusikia kwamba yupo mtu milimani anayeandika mvua ya kila siku kwa mkono na hakuna anayeuliza. Huyu alikuwa akiteremka mara moja kwa mwezi kwenye lori la mbao, mvua zake kaziweka ndani ya mfuko wa nailoni. Wakaongezeka fundi redio na karani wa bandarini. Pamoja na mimi na yeye tukawa saba, na siku tuliyotimia saba Katibu aliandika "Akidi ilitimia" kisha akakaa akiutazama wino ukikauka. Sheria hiyo ya watu saba aliiandika mwenyewe, katika katiba ya kurasa tisa, wakati bado yuko peke yake.

Kompyuta hatukuwa nayo, kwa hiyo ilibidi mmoja wetu awe mashine. Mtu aliandika programu yake nyuma ya karatasi kuukuu za kiwandani, zile pana zenye matundu pembeni. Mwingine alikaa mezani, akaisoma mstari kwa mstari na kufanya kilichoandikwa, na hicho tu. Wengine tulishika vipande vya karatasi vyenye tarakimu, tukabadilisha kila tulipoamriwa. Katibu alikuwa mkali hapo kuliko mahali pengine popote. Mashine ikikonyeza jicho, ikiguna, ikijaribu kumsaidia mwandishi, aligonga meza kwa kalamu. "Mashine haina akili wala huruma," alisema. "Fanya ulivyoandikiwa."

Mara moja Mpemba alikuwa mashine ya programu ya Mwalimu, ya kupanga matokeo ya wanafunzi. Mwalimu alisahau kuiambia mashine lini iache. Mpemba akajumlisha, akarudi juu, akajumlisha, akarudi juu. Sote tuliona kosa mapema, isipokuwa Mwalimu mwenyewe, na Katibu katukataza kwa macho tusiseme. Zikapita dakika arobaini. Jasho linamtoka Mpemba, tarakimu zimefika za kutisha, mara ikaadhiniwa alasiri. Mpemba akaweka kalamu chini, akasimama.

"Yakhe, mashine yaenda kusali."

Tulicheka mpaka dada yake Katibu akaja mlangoni kuangalia. Katibu hakucheka. Aliandika katika kaunta buku: "Mashine ilisimama kwa sala," akamwomba Mwalimu autafute mstari wake.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Katibu, kwa adabu zake, alisema tu "nyani haoni," akaachia hapo, nasi tukajimalizia wenyewe. Ndiyo iliyokuwa hoja yake kuu: aliyeandika asisome peke yake. Lakini programu yake ilipofika zamu ya kusomwa hakuweza kukaa chumbani. Alitoka barazani, akasimama kawapa mgongo wapita njia, mikono nyuma, mpaka aitwe. Ukimwambia iko sawa alisema "haya." Ukimwonyesha kosa alisema "ahsante," na hapo ungeona uso wake ukilegea kwa furaha ambayo sifa haikuwahi kumletea. Mimi nilikuwa mzuri wa kumwonyesha makosa. Nilikuwa na ulimi, na kwa mara ya kwanza maishani kuna mtu aliyeushukuru.

Ajabu yake ni hii, kwamba aliyeanzisha chama hakujua kukaa na watu. Kabla ya kikao alishika kitasa cha mlango akajibu salamu, na zaidi ya salamu hakuwa na kitu. Akishasema "kikao kimefunguliwa" anachangamka, anauliza, anabisha, anakumbuka ulichosema mwezi uliopita. Akishasema "kikao kimefungwa" anazimika. Ukimkuta sokoni ndiyo kabisa, anakutazama kwa hofu mpaka mwapishana. Tukajifunza kwamba mwenye jambo na Katibu alipeleke chini ya Mengineyo. Karani wa mvua alitangaza huko kuzaliwa kwa mapacha wake. Mwalimu alilalamikia huko jino.

Mama yangu alipofariki, nilikuja kikaoni juma lililofuata kwa kuwa nyumbani nilikuwa nashindwa kupumua. Yatokanayo yakapita, programu mbili zikasomwa, ikafika Mengineyo, nikanyoosha mkono.

"Mama yangu amefariki."

Kalamu ya Katibu ilisimama. Kisha akaandika, akasimama, na wote wakasimama naye, sijui kwa muda gani. Msibani alishafika kabla sijasema. Aliketi na wanaume siku zote tatu, hakusema na mtu, nami kwa machozi sikumwona. Baada ya hitima alikuwa ameniachia kwa shangazi yangu karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilipopewa nilidhani ni rambirambi. Ilikuwa programu yangu, imesomwa yote, na ujumbe mmoja pembeni: kosa liko mstari wa kumi na nane. Nilikasirika kiasi cha kutaka kuichana. Niliona huyu mtu hana moyo. Leo najua alinipa alichokuwa nacho chote, na kwamba kwake hakuna kitu kikubwa zaidi mtu anachoweza kumfanyia mwenzake. Sikumwambia. Mwaka mzima baada ya mama kuondoka nilikuja kila Jumamosi, nikasoma, nikasahihisha, uso wangu kama ubao. Hakuna aliyenichekesha, hata Mpemba.

Kisha ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yakajaa sabuni ambazo hatukujua majina yake, mitumba ikafunika Ngamiani nzima, na viwanda navyo vikaanza kuzimika kimoja kimoja. Mashine kubwa ya kiwandani iliharibika na haikupata kifaa. Katibu, aliyeandika programu za vipuri kwa nusu ya maisha yake ya kazi, alitoa mzaha mmoja tu ninaoukumbuka: "Ghalani vipuri vyote vimo, ila vyake." Mwezi uliofuata akapunguzwa kazi pamoja na wenzake mia na kitu. Jumamosi alivaa shati lile lile, lenye pasi ile ile.

Ruksa ilituletea watu pia. Kompyuta ndogo zilianza kuingia mjini, vyuo vya chumba kimoja vikafunguliwa, na vijana wakasikia kwamba Ngamiani kuna mzee anafundisha bure. Kuna Jumamosi walifika thelathini, wengine wamesimama dirishani. Ungemwona Katibu siku hiyo! Aliazima mabenchi madrasa, akagawa karatasi, akasahau hata kunywa kahawa. Juma la tatu kijana mmoja, mwenye adabu zake, akauliza cheti kitatolewa lini.

"Chama hakitoi cheti," Katibu akasema.

"Sasa kinatoa nini, mzee?"

"Wasomaji. Ukiandika, utapata watu sita wa kukusoma."

Kijana akatazamana na wenziwe. Sisi wakubwa tulimvuta Katibu pembeni, Mwalimu akamwambia kipande cha karatasi chenye muhuri hakimdhuru mtu. Hakukubali. Alisema cheti kingeandikwa kwamba mtu amehitimu, na yeye Katibu mwenyewe hajahitimu. Baada ya miezi miwili mabenchi ya madrasa yalirudi madrasa, tukabaki saba wale wale. Nilimwona ni mkaidi, na mkaidi alikuwa kweli. Lakini pia nilianza kuchoka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, wasichana wa rika langu wana watoto wawili watatu, na mimi Jumamosi zangu zote zimekwisha ndani ya chumba cha watu wanaojifanya mashine.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Kiwanda kilipoanza kufilisiwa, alikuja mfilisi kutoka Dar es Salaam kuorodhesha mali. Katika ofisi ya uhasibu kulikuwa na kompyuta ndogo moja, nzima, na Katibu alijikaza akaenda kuiomba. Sijui alisemaje, mtu asiyeweza kusema nje ya kikao. Mfilisi alimsikiliza. Akasema anaweza kukitengea chama, mradi aletewe muhtasari wa kikao halali cha kuipokea, wenye saini, kabla ya kufunga ofisi jioni ya Jumamosi. Jumapili yeye anarudi Dar. Katibu alitupitia mmoja mmoja kutuarifu. Kwangu alifika kazini, akasimama mbele ya mashine yangu ya taipu mbele za watu, akasema, "Jumamosi tuwe saba." Sikuwahi kumwona akimwomba mtu kitu.

Karani wa mvua aliteremka kutoka Amani nje ya mwezi wake. Karani wa bandarini alibadilishana zamu. Mpemba alifunga duka mchana kweupe. Mimi sikwenda. Ningependa kusema kuna jambo lililotokea, lakini halikutokea. Binamu yangu alikuwa anaolewa juma lile, wasichana wenzangu walikuja nyumbani kunisuka, mmoja kaleta matunda ya mabungo, mwingine kaleta umbea, nami nilijua ni siku gani na saa ngapi. Nilijiambia watatosha. Nilijiambia watu sita wazima hawawezi kukosa akili. Saa tisa ikapita, na saa kumi.

Yaliyotokea huko alinihadithia Mwalimu. Walingoja. Ilipokaribia saa kumi na moja Mwalimu akasema, "Katibu, tumwandikie jina lake. Ni mwenzetu, na angekubali. Nani atajua?"

"Mie nitajua."

"Basi tubadili kifungu," fundi redio akasema. "Tuandike akidi ni sita. Tunapiga kura sasa hivi."

"Kubadili katiba kunataka akidi."

Mpemba alipandwa na hasira. "Katiba umeiandika wewe! Hakuna aliyekulazimisha, yakhe, umeiandika peke yako humu ndani. Watu sita tumeacha kazi zetu, twakaa hapa kwa ajili ya mtu mmoja asokuja?"

Jua lilipoinama Katibu aliandika kwamba akidi haikutimia, akafunga kaunta buku. Kompyuta ile iliingizwa kwenye mnada pamoja na makabati. Jumatatu nilimpelekea ujumbe kwamba nilishikwa na homa. Jumamosi iliyofuata alisoma muhtasari na jina langu likiwa chini ya wenye udhuru: homa. Hakuinua macho. Mimi nilitazama dirishani.

Chama hakikuvunjwa, kilidondoka. Mpemba hakurudi, alisema chama cha karatasi kimemchosha. Mwalimu alipata uhamisho. Karani wa mvua aliandika barua mbili, ya tatu haikuja. Mimi nilipata kazi Dar es Salaam, katika ofisi iliyokuwa na kompyuta nane, na kwenye usaili mzungu aliniuliza nani kanifundisha kusoma programu namna ile, kwamba wengi wanajua kuandika tu. Nilimjibu ni mzee mmoja wa Tanga. Siku ya kuondoka sikwenda kumuaga. Nilituma salamu kwa dada yake.

Nilirudi baada ya miaka tisa, kwa arusi nyingine ya kwetu, na asubuhi moja nikatembea mpaka Ngamiani. Mlango ulikuwa wazi. Dada yake alikwisha tangulia mbele ya haki. Nilipewa habari hizo barazani na jirani. Katibu alikuwa ndani, kakonda, miwani kaifunga uzi upande mmoja. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba." Alinitambua kwa sauti. Akaniona natazama meza. "Kaileta Mpemba, kabla hajahamia Dubai. Alikuja kuomba radhi. Nikamwambia sikumbuki kosa." Akanyoosha kitambaa. "Mashine sasa ipo. Watu ndio hakuna."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kazi yangu, watoto wangu, mji. Alisikiliza vyote kwa adabu, akiwa na wasiwasi ule wake wa nje ya kikao, mikono haijui ikae wapi. Nikaona naweza kuondoka hivi hivi, na nikiondoka hivi hivi nitakufa nalo.

"Katibu, ile Jumamosi ya mfilisi sikuwa na homa."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Nilikuja." Alisema hivyo kisha akangoja, kama mtu anayeangalia kama itatosha. Haikutosha. "Saa kumi na kitu. Wenzio niliwaaga kwamba nakwenda kutafuta mafuta ya taa. Nikachukua baiskeli nikaja Mabawa. Mlango wa uani u wazi. Ulikuwa umekaa chini, wasichana wawili wamekushika kichwa, unasukwa. Unacheka."

Nikasema, "Si ungeniita."

"Tangu mama'ko afe sikuwahi kukuona ukicheka."

"Na homa? Uliiandika. Hukukubali kuandika jina langu, ukaandika homa na unajua si kweli."

"Ulinambia homa. Katibu anaandika alichoambiwa."

Nililia mbele yake, mtu mzima, mama wa watoto, na yeye hakujua la kufanya na mtu anayelia. Alikwenda dirishani akanipa mgongo, mikono nyuma. Nikamuuliza alisimama pale mlangoni kwa muda gani.

"Si muda," akasema. "Mpaka ulipomaliza kucheka." Kisha alipanda baiskeli yake, akarudi kuwaambia wale watano kwamba mafuta ya taa hayakupatikana.